Chama cha Hisani Kandokando ya Lualaba: Mwongozo kwa Mwenye Nia Mjini Kindu

Ewe msomaji unayeazimu kuanzisha chama cha hisani katika mji wa Kindu, kabla hujachagua jina, kabla hujachonga muhuri, na kabla hujamwomba mtu yeyote mchango wa faranga moja, twaa daftari na kalamu uende ufukoni mwa Lualaba kwa siku saba mfululizo, alfajiri na jioni, ukaandike saa ambazo mitumbwi hurudi, saa ambazo akina mama wachuuzi hujitwika mabeseni kwenda sokoni, saa ambazo nyavu hutandazwa juani na kushonwa, na saa ambazo wavuvi hulala usingizi wao wa mchana baada ya kukesha majini. Daftari hilo ndilo katiba ya kwanza ya chama chako. Nimeona chama kilichoanzishwa na watu wema, wenye elimu na nia safi, kikafa kabla ya kutimiza mwaka kwa sababu moja tu: mikutano yake iliwekwa saa kumi na moja jioni, saa ambayo karani ametoka ofisini na mvuvi ndiyo kwanza anasukuma mtumbwi wake majini. Wavuvi hawakugomba wala hawakulalamika. Hawakuja tu, na chama kilichojiita cha watu wote kikawa cha makarani wanaozungumza habari za wavuvi.

Jambo la pili utakaloliona ufukoni ni kwamba mji huu umegawanywa na maji. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi, pamoja na stesheni ya reli itokayo kusini na bandari ya kuelekea Ubundu, ambako mto hupitika mwendo wa kilomita 300 hivi kabla ya maporomoko kuuzuia. Alunguli iko ukingo wa mashariki, na baina ya kingo hizo mbili hakuna daraja. Mtu wa Alunguli mwenye haja na ofisi huvuka, apende asipende. Mtu wa Kasuku aghalabu havuki ila awe na msiba au shamba ng'ambo. Basi chama kikikutana daima Kasuku, kila mkutano utamgharimu mwenzako wa Alunguli nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na hofu ya kuvuka giza likiingia, ilhali wewe utakuja kwa miguu yako, na dhuluma ndogo kama hiyo ikirudiwa kwa miezi sita hupunguza watu mmoja mmoja hata usijue ni lini walianza kupungua. Dawa yake ni ya kale. Watu wanne waliokutana Chicago tarehe 23 Februari 1905 kwa wito wa wakili mmoja, Paul Harris, waliita chama chao Rotary kwa kuwa walikuwa wakizunguka, leo ofisini kwa huyu na safari nyingine ofisini kwa yule. Chama hicho leo kimeenea duniani kote, na vilabu vyake vingi vimeacha kuzunguka, vikakaa mahali pamoja. Wewe usiache. Mkutano mmoja uwe Kasuku, wa pili Alunguli, wa tatu Mikelenge, na zamu hiyo iandikwe katika katiba ili mtu asije akaivunja kwa kisingizio cha mvua.

Usidhani hata hivyo kwamba kukutana kwa ajili ya kheri ni elimu tuliyoletewa kutoka Marekani. Warega wa Pangi, majirani zetu wa upande wa mashariki, walikuwa na Bwami, jumuiya ya madaraja iliyowafunza waume na wake zao kiasi, ukarimu na utulivu kwa methali, kwa ngoma na kwa sanamu ndogo za mti na pembe za ndovu, na hapana mtu aliyepanda hadi daraja la juu liitwalo kindi kwa mali peke yake, pasipo wenziwe kuikubali tabia yake. Serikali ya Kibelgiji iliipiga marufuku mwaka 1948, lakini kanuni yake kwamba cheo hufuata mwenendo inafaa kabisa kuingizwa katika katiba yako, pale utakapoandika namna ya kuchagua viongozi. Na kule juu ya mto, Nyangwe, kulikuwa na soko ambalo watu wa kingo zote mbili walikutana kwa siku zilizojulikana, wanawake wakija kwa mitumbwi na samaki na vyungu na mazao ya shamba, mpaka tarehe 15 Julai 1871, ambapo David Livingstone aliona kwa macho yake soko hilo likimiminiwa risasi na watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani, mamia wakafa, wengi wao wanawake, na wengi kwa kuzama mtoni. Nalitaja jambo hili zito katika mwongozo wa mambo madogo kwa sababu kukutana kwa amani baina ya watu wa kingo mbili ni kitu ambacho nchi hii imewahi kunyang'anywa, na kila mkutano wako utakaofunguliwa na kufungwa kwa salama unarejesha sehemu yake. Patrice Lumumba naye, aliyefanya kazi ujanani mwake katika kampuni ya madini ya bati hapa Maniema kabla ya kuhamia Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, alizoea uongozi kule katika vyama vya wafanyakazi wa posta na vya wasomi, miaka kadhaa kabla ya jina lake kujulikana ulimwenguni.

Sasa tuje kwenye mkutano wenyewe. Siku ya Ijumaa ina sala ya Waislamu, nao katika Maniema ni wengi; Jumamosi asubuhi ina salongo, kazi ya pamoja ya usafi; Jumapili ina misa na ibada. Zilizobaki ni siku za kazi, na hapo ndipo daftari lako la ufukoni litakapokusaidia. Kwa rai yangu Alhamisi saa nane mchana, mara moja kila majuma mawili, ndiyo saa yenye insafu: mvuvi amekwisha amka na hajashuka majini, mchuuzi amekwisha uza, na karani atamwomba mkubwa wake ruhusa ya saa moja na nusu mara mbili kwa mwezi, hasara iliyo sahali kuliko ya mtu anayekosa usiku mzima wa kuvua. Mkutano uanze kwa saa iliyotajwa hata wakiwapo watu watano, na wachelewaji watozwe faini ndogo inayolipika, isipokuwa aliyecheleweshwa na kivuko, ambaye hatozwi chochote. Kanuni hii ya kivuko iandike kwa wino. Utashangaa namna watu wa Alunguli watakavyoisikiliza ikisomwa.

Katibu na aketi karibu na mwenyekiti, daftari lake likiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi, maana litavuka mto mara nyingi na siku moja litaanguka majini. Aanze kwa kuita majina. Kisha asome kumbukumbu za mkutano uliopita neno kwa neno, kwa sauti, kwa Kiswahili kinachosemwa hapa Kindu, na barua yoyote iliyokuja kwa Kifaransa ifasiriwe papo hapo hata kama waliohudhuria karibu wote wanakijua, kwa kuwa yule mmoja asiyekijua ndiye atakayeulizwa na jirani zake jioni. Baada ya kumbukumbu, ripoti ya kazi iliyoagizwa: nani alitumwa, alifanya nini, kimebaki nini. Kisha hazina. Kisha shauri moja tu jipya. Mawili yakiwapo, la pili lingoje. Na katika kutoa rai mwenyekiti awaanze vijana na akina mama, wazee wamalizie, si kwa kuwavunjia wazee heshima, bali kwa sababu mzee akishasema, "Wanangu, mimi naona hivi," hapana kijana wa Kimaniema mwenye adabu atakayesimama kumpinga, na rai njema itarudi nyumbani kifuani mwa mwenyewe. Wazee wenyewe, wakielezwa, huupenda utaratibu huu, kwa kuwa huwapa nafasi ya kupima yote kabla ya kukata shauri.

Hapa sina budi kukaa kidogo juu ya fedha, maana vyama hufia hapo. Kwanza tenganisha chama chako na likelemba. Katika likelemba kila mtu hutoa na kila mtu huchukua kwa zamu, na ni desturi njema iliyosomesha watoto wengi. Katika chama cha hisani unachotoa hakirudi kwako, huenda kwa mtu ambaye pengine humjui. Mama mmoja mchuuzi wa samaki wa moshi aliuliza katika mkutano wa kwanza niliohudhuria, "Na zamu yangu mimi ya kuchukua ni lini, baba?" Watu wakanong'ona. Lakini swali lile lilikuwa bora kuliko hotuba zote za siku ile, kwa kuwa nusu ya waliokuwapo walikuwa wakilifikiri na wakaona haya kulitamka. Lijibu siku ya kwanza, waziwazi, na atakayeondoka baada ya jawabu aondoke kwa heshima. Na wanachama wakitaka likelemba, waiunde kando, kwa daftari lake na mweka hazina wake mwingine.

Mchango uwe mdogo kiasi ambacho mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote anaweza kukitoa pasipo kumnyima mtoto chakula, na tajiri asiruhusiwe kutoa ada kubwa zaidi ya wenzake, ingawa anaweza kutoa kwa kazi maalumu, maana mwenye kulipa ada ya watu kumi huja akataka kusikilizwa kama watu kumi. Uvuvi una miezi ya neema na miezi ya ukata. Waulize wavuvi wenyewe ni ipi, na ada ya mwaka ikusanywe katika ya neema. Nunua sanduku la bati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja akae nao mweka hazina, wa pili akae nao mwanachama wa ukingo mwingine wa mto, sanduku lenyewe litunzwe na mtu wa tatu. Mkiweka fedha katika simu, laini iwe ya chama, na namba ya siri igawanywe kwa watu wawili, kila mmoja akijua nusu yake. Kila mkutano fedha zihesabiwe mbele ya macho ya watu, faranga kwa faranga na dola kwa dola, bila kubadilisha moja kuwa nyingine katika hesabu, kwa kuwa kiwango hupanda na kushuka, na tofauti ya kiwango ni mlango mpana wa hiana. Nilimjua mweka hazina mmoja, mtu mwaminifu kwa tabia, aliyechanganya fedha za chama na mtaji wake wa biashara akidhamiria kuzirudisha mzigo ukifika; mzigo ulichelewa njiani, chama kikavunjika, na mtu yule akahama mtaa kwa aibu. Kufuli ya pili ingalimwokoa yeye kabla ya kukiokoa chama.

Kuhusu serikali nitasema kwa ufupi. Vyama visivyotafuta faida katika Kongo vinaongozwa na Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na utu wa kisheria hutolewa na waziri wa sheria. Njia ni ndefu na ina gharama, kwa hiyo kwanza jitambulisheni kwa chifu wa mtaa na kwa mkuu wa komini kwa barua yenye majina na madhumuni, mfanye kazi inayoonekana kwa miezi kadhaa, ndipo mwandike katiba kamili mkiwa mmekwisha kujuana.

Kazi ipi ianze? Anzeni na maji, kwa sababu kipindupindu kimeupitia mji huu zaidi ya mara moja, nacho hufuata mto na wasafiri wake. Nendeni kwenye kituo cha afya cha mtaa, mwombe mfunzwe kutia klorini katika maji yanayotekwa, kisha mpange zamu ya wanachama wawili wawili kukaa mahali watu wanapotekea, na mtungi na kipimo walichopewa na muuguzi. Mtakaokuwa zamuni mtarudia maneno yale yale mara mia kwa siku: maji yakishatiwa dawa yasinywewe ila baada ya nusu saa. Mfunzeni kila mama na kila baba kwamba mgonjwa anayeharisha asingojwe hata apate nauli, bali apewe mara moja maji safi lita moja yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, akinywa kidogokidogo hali akipelekwa kwa tabibu. Mfano mmoja wa namna ya kufunza: mwanachama mmoja alikuja ufukoni na chupa tupu ya lita moja, kijiko, sukari na chumvi, akachanganya mbele ya watu, kisha akaipitisha chupa kila mtu aonje. Maji yawe na chumvi isiyozidi ya machozi, akasema. Watoto wakacheka, na hapana aliyesahau.

Kazi ya pili ni kivuko na safari za mto. Watu wetu wamezama wengi, katika mitumbwi na katika baleniere, zile mashua kubwa za mbao, zilizojazwa abiria na magunia kupita kiasi, na mwenye mtumbwi akikuambia kwamba jaketi za kuokolea ni ghali, hakudanganyi. Chama kinaweza kununua jaketi kumi za watoto, zikakaa ng'ambo mbili, tano Kasuku na tano Alunguli, watoto wakizivaa huku na kuzivua kule, chini ya ulinzi wa chama cha waendesha mitumbwi wenyewe. Wao ndio wapewe dhamana, kwa kuwa mtu hulinda kilicho chake. Msiende kuwahutubia Wagenya, wavuvi na wapiga kasia wa jadi wa mto huu, juu ya mto wao. Waombeni wao wawafundishe vijana wenu wa shule kuogelea na kupiga kasia, na mtakuwa mmewapa heshima wanayostahili pamoja na kazi iliyo na manufaa.

Kisha yapo maradhi ambayo yamekwisha kupatiwa dawa na yanangoja watu wa kuifikisha. Usubi, yule nzi mdogo mweusi azaliwaye kwenye maji yaendayo kasi, hueneza ugonjwa unaowasha ngozi na kupofusha macho, na dawa yake, Mectizan, imetolewa bure na watengenezaji wake tangu 1987. Lakini huua viluwiluwi vya minyoo tu, nayo minyoo mikubwa huishi mwilini miaka kumi na zaidi, kwa hiyo sharti inywewe kila mwaka kwa miaka mingi, hata na mtu asiyejiona mgonjwa. Hapo ndipo chama kinafaa kuliko mgeni yeyote, kwa maana mgeni huja mwaka mmoja akaondoka. Wagawaji huchaguliwa na jamii yenyewe, hupima kimo cha mtu kwa fimbo yenye alama wapate kujua idadi ya vidonge, nao hawawapi watoto wadogo, wajawazito wala wagonjwa mahututi. Lions, chama kingine kilichoanzia Chicago mwaka 1917, kimeshiriki sana katika vita hivi vya kuokoa macho, kama Rotary ilivyojitoa tangu 1985 katika vita vya kupooza kwa watoto. Na kwa kuwa ugonjwa huo wa kupooza ulizuka tena katika Maniema mwaka 2017, siku za chanjo zikitangazwa chama chako kitoe watu wa kutangulia nyumba kwa nyumba, hasa katika vijiji vya wavuvi, ambavyo huhama maji yapungukapo kiangazi na kukosekana katika orodha ya mjini.

Juu ya nyavu sema kwa upole. Nyavu za macho madogo, na zaidi vyandarua vya mbu vilivyoshonwa pamoja, hufagia vifaranga vya samaki kabla havijakua, na kila mvuvi mzee analijua hilo. Lakini mwenye kuvua kwa chandarua aghalabu ni mtu asiyeweza kununua wavu. Chama kinaweza kununua nyuzi za wavu kwa jumla na kuziuza kwa bei ile ile ya kununulia, wazee wakiwashonea na kuwafunza vijana, na kila apataye wavu akakirudisha chandarua nyumbani kikawakinge watoto na mbu. Marufuku peke yake, pasipo nyuzi, huzaa uvuvi wa usiku wa manane.

Akina mama wachuuzi wawe wanachama kamili, wenye kupiga kura na wenye kushika hazina, wala wasiitwe siku ya sherehe tu wapike. Wao ndio wanaojua bei, wanajua nani hajaonekana sokoni kwa siku tatu na kwa nini, na kwa mazoea yao ya mikopo midogo ufukoni huweza kufanya hesabu kichwani upesi kuliko wengi wetu kwa kalamu. Na mwanasiasa akija na fulana zenye picha yake wakati wa uchaguzi, mkaribisheni, mpeni kiti na maji, mkubali mchango wake ukiwa umeandikwa daftarini kama wa mtu mwingine yeyote, na fulana azirudishe.

Usingoje kupata jengo, wala barua kutoka Kinshasa, wala mfadhili. Ukiisha kumaliza siku zako saba za ufukoni, waalike watu kumi na wawili, sita wa ukingo huu na sita wa ule, Alhamisi saa nane, na mkutano wa kwanza kabisa ufanyike Alunguli, nawe uwe miongoni mwa watakaovuka.